"Kompyuta Itajifunza Yenyewe"? Hewa na Petroli Baada ya Kufunga Vipuri Vipya

Gari likishafungwa ekzosi pana, filta ya koni au injekta (vipulizia petroli) kubwa, maneno ya kuagana katika gereji nyingi za Mombasa huwa ni yaleyale: endesha siku mbili tatu, kompyuta itajifunza yenyewe. Mwenye gari huondoka ameridhika, na taa ya injini kwenye dashibodi kweli haiwaki. Kisha petroli yaanza kwisha upesi, au gari lasitasita likivuka Daraja la Nyali, au pistoni yatoboka siku injini imebanwa kupanda Mazeras. Hapo kila mtu huwa na mshukiwa wake: huyu kipuri, yule petroli, mwengine fundi.

Maneno hayo ni kweli nusu. Kompyuta ya injini hujisahihisha, ila hujisahihisha mahali fulani tu na kwa kiasi fulani tu, na pale ambapo injini huharibika ndipo hasa isipojisahihisha. Mwenye gari akijua mpaka huo uko wapi, ataweza kuamua kipuri gani cha kufunga na kwenda zake, na kipi hakifai hata kuwashiwa injini kabla ramani ya mafuta, yaani jedwali ndani ya kompyuta linalosema petroli kiasi gani imwagwe, haijaandikwa upya. Ninazungumzia injini za petroli. Dizeli ina hesabu zake na moshi wake ni habari nyingine.

Namba 14.7 na mahali isipofaa

Injini huchoma hewa na petroli kwa uzito. Kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli ndicho kipimo ambacho kinadharia hakibakishi oksijeni wala petroli. Hicho ndicho mafundi huandika 14.7:1. Namba ikishuka chini ya hapo, petroli imezidi na mchanganyiko huitwa mzito. Ikipanda, hewa imezidi na mchanganyiko ni mwepesi. Ili kuona ukubwa wa kazi yenyewe: lita moja ya petroli, ikichomwa katika hewa ya joto ya Mombasa, hutaka hewa zaidi ya lita 9,000. Kosa dogo katika kupima hewa hiyo huwa kosa kubwa ndani ya silinda.

Watu wengi husikia 14.7 wakadhani ndiyo namba ya kutafutwa kila wakati. Sivyo. Gari likitembea kwa mguu mwepesi kutoka Bamburi hadi Mtwapa, 14.7 ni sawa kabisa. Mguu ukienda chini mpaka mwisho, injini isiyo na turbo hutaka 12.5 hadi 13.0, na yenye turbo hutaka 11.0 hadi 11.8 au karibu na hapo. Petroli hiyo ya ziada ina kazi mbili. Inahakikisha kila oksijeni iliyoingia imepata cha kuchoma, na inapogeuka mvuke hunyonya joto, hivyo silinda hupoa na mchanganyiko hauripuki kabla ya wakati wake.

Kwa hivyo ule usemi kwamba mchanganyiko mwepesi huunguza injini unahitaji kuwekewa sharti. Mwepesi wa 15.5 kwa mwendo wa kutulia hauunguzi kitu. Lakini 14.7, namba hiyohiyo inayosifiwa, ikitokea kwenye injini ya turbo iliyobanwa kwa presha kamili, yaweza kutoboa pistoni kwa muda mfupi sana. Hatari imo katika wepesi na mzigo vikikutana.

Kompyuta inajuaje?

Kompyuta haina jicho la kuona petroli inayoingia. Inapiga hesabu. Kwanza hukadiria hewa, kwa njia moja kati ya mbili. Subaru na Nissan nyingi za petroli, na Toyota nyingi zilizotoka baada ya mwaka 2000, hutumia sensa ya hewa: waya mdogo wenye moto uliokaa ndani ya bomba la kuvutia hewa, ambao hupozwa kadiri hewa inavyopita kwa kasi. Honda nyingi, na Toyota nyingi za miaka ya 1990, hutumia sensa ya presha ndani ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), na kompyuta ikajumlisha presha, joto la hewa na mizunguko ya injini ili ipate jawabu. Baada ya hapo hufungua injekta kwa milisekunde kadhaa. Basi.

Katika hesabu hiyo kuna mambo mawili ambayo kompyuta haipimi kamwe, bali iliambiwa kiwandani ikaamini: upana wa bomba ambamo sensa ya hewa imekaa, na kiasi cha petroli kinachotoka kwa kila injekta kwa dakika. Ni kama mpishi wa mahamri anayepima tui kwa kikombe chake cha siku zote. Ukimbadilishia kikombe usimwambie, ataendelea kuhesabu vikombe viwili kama jana, na hesabu yake itakuwa sahihi huku unga ukiwa uji.

Kinachoistua kompyuta ni sensa ya oksijeni kwenye ekzosi, inayoonja moshi na kurudisha habari. Sensa ya kawaida ya kiwandani ni finyu. Hutoa volti kati ya 0.1 na 0.9, na karibu na 0.45 hugeuka ghafla. Inachoweza kusema ni kimoja: uko juu ya 14.7, au uko chini yake. Haiwezi kutofautisha 12.5 na 11.0; zote kwake ni "mzito". Kwa sababu hiyo, dereva akikanyaga hadi mwisho, kompyuta nyingi huacha kuisikiliza sensa hiyo na kufuata jedwali lililoandikwa kiwandani. Kujifunza kote kunakosemwa gereji hufanyika katika mwendo wa kawaida, wakati sensa inasikilizwa.

Mafunzo hayo unaweza kuyaona. Skana ya bei nafuu ikichomekwa kwenye tundu la OBD2 chini ya dashibodi itakuonyesha marekebisho ya mafuta kwa asilimia, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Alama ya kujumlisha maana yake kompyuta inaongeza petroli kwa sababu moshi umeonekana mwepesi. Ya kutoa, inapunguza. Kati ya kutoa 5 na kujumlisha 5 ni hali njema. Ikipita 10, kuna jambo la kutafuta. Ikikaribia 25, kwa magari mengi taa ya injini huwaka, na msimbo huwa P0171 kwa wepesi au P0172 kwa uzito.

Sasa angalia pengo lililopo: kosa la asilimia 10 haliwashi taa yoyote.

Milimita tatu zinazotosha kuua injini

Chukua bomba la sensa ya hewa lenye kipenyo cha milimita 63. Mwenye gari ananunua filta ya koni pamoja na bomba lake la kung'aa, kipenyo milimita 66, sensa ya zamani ikahamishiwa humo. Tofauti haionekani kwa macho. Lakini eneo la bomba hukua kwa mraba wa kipenyo: 66 gawanya kwa 63, zidisha kwa yenyewe, unapata karibu 1.10. Hewa ileile sasa inapita polepole zaidi mbele ya waya, na kompyuta inaamini hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 9. Inapunguza petroli.

Katika mwendo wa kawaida, sensa ya oksijeni itagundua, marekebisho yatapanda hadi kujumlisha 10, gari litatembea vizuri na taa itabaki imezima. Ndiyo ile "imejifunza". Mguu ukienda chini, kompyuta inarudi kwenye jedwali. Pale palipokusudiwa 12.5 sasa ni 13.7. Baadhi ya kompyuta hubeba marekebisho ya muda mrefu hadi huko, na hizo zitakuokoa kwa kiasi, nyingine haziyabebi. Usipojua yako ni ipi, chukulia haibebi.

Bomba likiwa pana zaidi, tuseme kutoka 60 hadi 70, kosa ni asilimia 36 na taa itawaka siku ya kwanza. Kwa maoni yangu huyo ana bahati kuliko wa milimita tatu, kwa sababu ameonywa.

Filta bapa ya kubadilisha ndani ya boksi la asili haina shida hii kabisa, iweke uendelee. Ila filta za pamba zinazopakwa mafuta, zikipakwa kupita kiasi, hurusha mafuta hayo kwenye waya wa sensa, na waya ukishapata ukoko husoma hewa pungufu. Safisha kwa dawa ya kupuliza ya sensa za hewa, siyo kwa petroli wala kwa kitambaa.

Na koni iliyoachwa wazi ndani ya boneti ina kasoro nyingine inayotuhusu sisi wa pwani hasa. Gari likikaa kwenye foleni ya feri Likoni kiyoyozi kinavuma, hewa ndani ya boneti hufika nyuzi 60 bila taabu, wakati ya nje ni 30. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa karibu asilimia 9. Yaani umelipa pesa ili injini ivute hewa kidogo kuliko ilivyokuwa ikivuta kutoka kwenye boksi la kiwandani. Koni bila ukuta wa kuizuia joto na bomba la kuleta hewa ya nje ni mlio tu.

Injekta, pampu na presha

Hapa hakuna cha kujifunza wala kusubiri. Injekta za sentimita za ujazo 250 kwa dakika zikitolewa na za 370 zikaingia, kila milisekunde moja sasa hutoa petroli zaidi kwa asilimia 48. Mchanganyiko wa 14.7 unakuwa 9.9. Kompyuta itapunguza hadi ifike kikomo chake, kisha itashindwa. Moshi mweusi, plagi zimelowa, gari linamisi, na petroli inayoteremka ukutani mwa silinda inaosha oili hadi ringi zinakwaruza chuma kikavu. Gari hilo lisiendeshwe hata hadi nyumbani. Namba zibadilishwe kwenye kompyuta kwanza: 250 gawanya kwa 370, yaani muda wa kufungua urudi hadi asilimia 68 ya ule wa zamani.

Kuna namba ya pili ambayo wengi huisahau, nayo ni muda mfu. Injekta ikipewa umeme haifunguki papo hapo. Hupoteza takriban milisekunde moja kabla petroli haijatoka, na zaidi ya hapo volti zikishuka. Gari likiwa limesimama linanguruma, injekta hufunguliwa milisekunde mbili au tatu tu, kwa hivyo kosa la 0.3 ni zaidi ya asilimia 10. Mguu ukiwa chini, injekta inafunguliwa milisekunde 15, na kosa lilelile ni asilimia 2. Ukiona gari lililofungwa injekta kubwa linakwenda vizuri kwa kasi lakini linazimika kwenye taa za Mwembe Tayari, hasa kiyoyozi kikiwashwa, anza kutafuta hapo. Ndiyo sababu injekta nisizoletewa karatasi yake ya vipimo, hata zikiwa za jina kubwa, nisingeshauri mtu azinunue.

Ukubwa nao usichaguliwe kwa tamaa. Injini ya silinda nne isiyo na turbo yenye nguvu farasi 150 hutaka injekta za 250 hivi, zikifanya kazi kwa asilimia 80 ya muda wake. Kwa mizunguko 6,000 kila silinda hupata milisekunde 20 kwa duru nzima. Asilimia 80 ni 16. Ukipita 85, injekta haipati nafasi ya kufunga vizuri na kipimo huanza kuyumba.

Kuongeza presha ya petroli ni njia ya mkato inayopendwa. Petroli inayotoka hukua kwa kipeuo cha pili cha presha, si kwa presha yenyewe: kutoka baa 3 hadi baa 4 utapata nyongeza ya asilimia 15, si 33. Na nyongeza hiyo huja kila mahali, hata pale usipoihitaji. Pampu kubwa pekee, kwenye gari lenye bomba la kurudisha petroli tankini, haibadilishi mchanganyiko ilimradi regyuleta (kidhibiti cha presha) inaweza kurudisha ile inayozidi. Ikishindwa, presha hupanda injini ikiwa imetulia na gari hunuka petroli foleni nzima.

Ekzosi na milipuko yake

Sairensa ya nyuma ukiibadilisha, kwa kawaida mchanganyiko hauguswi. Manifoldi mpya ya ekzosi na kuondoa katalisti (kifaa cha kusafisha moshi) ni jambo jingine: hewa inapita tofauti, sensa ya oksijeni mara nyingi huhamishwa ikakaa mbali na joto lake, na msimbo P0420 huja kwa sababu sensa ya pili, iliyo baada ya katalisti, haioni kazi yake. Zaidi ya hayo, kuna kanuni za mwaka 2006 za kudhibiti moshi wa magari chini ya sheria ya mazingira ya Kenya. Anayeuza bomba tupu kama mbadala wa katalisti hakupi habari yote.

Kosa lisiloonekana kwenye ekzosi ni gasketi inayovuja kabla ya sensa. Kati ya mpigo mmoja wa moshi na mwengine, ufa huo huvuta hewa ya nje ndani. Sensa inaonja oksijeni, inasema mwepesi, kompyuta inaongeza petroli. Mchanganyiko sasa ni mzito kweli huku skana ikionyesha kujumlisha 15, na fundi asiyepima kwa njia nyingine ataongeza tena. Masizi meusi kwenye kiungio cha manifoldi ndiyo dalili yake.

Ile milipuko ya ekzosi ambayo vijana wa Subaru huipenda haipimi nguvu. Ni petroli inayoungua ndani ya bomba badala ya silinda, au hewa iliyovuja humo. Na valvu ya kutoa presha ya turbo inayopuliza nje kwa mlio, kwenye gari la sensa ya hewa, humwaga hewa iliyokwisha kuhesabiwa. Kompyuta imeshaitolea petroli yake, hewa yenyewe imekwenda zake, na kila unapobadilisha gia mchanganyiko huwa mzito kwa muda. Irudishe kwenye bomba la kuvutia hewa, baada ya sensa.

Gari lililotyuniwa Nairobi

Hili lastahili kutuliwa, maana huwakuta watu wakiwa hawana habari kabisa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na presha ya hewa huko ni karibu kilopaskali 83. Mombasa ni karibu 101. Hata ukizingatia joto letu na unyevu wetu, hewa ya hapa ni nzito kwa asilimia 15 hadi 18.

Injini isiyo na turbo ikitumia sensa ya presha, Nairobi mguu ukiwa chini kabisa, haiwezi kuona presha iliyozidi 83. Ramani yake ina safu za 85, 90, 95 na 100, lakini fundi wa huko hakuzifikia kwa sababu injini haikuzifikia. Zimebaki na namba za kukisia, au namba za gari jingine. Gari likiteremka Mariakani hadi kisiwani, safu hizo ndizo linazotumia kila linapokanyagwa. Namba zikiwa pungufu, wepesi utatokea palepale penye mzigo mkubwa, na joto la pwani juu yake.

La turbo nalo: geji, ambayo huhesabu presha iliyozidi ile ya hewa ya nje, ikisoma baa 0.8 mijini kote kuwili, Nairobi ndani ya manifoldi mna kilopaskali 163, na Mombasa 181. Dereva ataona geji haijabadilika. Injini imebadilika. Wakati wa moto wa plagi uliokuwa salama kule unaweza kugongesha injini hapa, yaani mchanganyiko kuripuka wenyewe ndani ya silinda, hasa ikizingatiwa kwamba magari mengi ya turbo kutoka Japani yalipangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo kwa kawaida hufika oktani (kipimo cha petroli kustahimili kugonga) 98 hadi 100, na supa ya vituo vyetu vya kawaida haifiki huko. Petroli iliyochanganywa na mafuta taa huteremsha oktani zaidi. Uchanganyaji wa aina hiyo ndio uliosababisha serikali kuweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa mwaka 2018.

Kabureta haina kompyuta lakini kosa ni lilelile. Likishuka kutoka Nairobi, mchanganyiko wa gari la kabureta huwa mwepesi kwa asilimia 8 hivi, 12.8 inakuwa karibu 13.8. Kwenye kabureta za Weber namba ya jeti ni kipenyo katika mia ya milimita, kwa hivyo kutoka jeti 130 hadi 135 ni nyongeza ya asilimia karibu 8, na hapo umerudi ulikokuwa.

Unyevu wa kaskazi una mchango wake, ila mdogo: kwa nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 75, mvuke wa maji huchukua karibu asilimia 3.5 ya hewa. Chumvi ndiyo adui mkubwa zaidi. Huingia kwenye soketi za sensa na kugeuza pini kuwa za kijani, na hula waya wa athi kati ya injini na bodi. Pima kwa mita injini ikiunguruma na taa zimewashwa: kati ya chuma cha injini na ncha hasi ya betri volti zisizidi 0.1. Zikizidi, sensa zaweza kudanganya, na kutyuni juu yake ni kuandika uongo huo ndani ya ramani.

Viboksi na njia za pembeni

Viboksi vidogo vya kuchomeka OBD2 vinavyodai kuongeza nguvu na kupunguza petroli kwa wakati mmoja, vilivyofunguliwa vikakaguliwa vimekutwa na taa za kumetameta na vitu vichache visivyoweza kuandika ramani yoyote. Usinunue.

Kuchomoa betri ili "kufuta" ni nusu dawa. Hufuta marekebisho ya zamani, na yataanza upya kuelekea kosa lilelile kama bomba ni lilelile.

Vifaa vya kupotosha ishara ya sensa ya hewa, kama Apexi S-AFC inayokutwa ndani ya baadhi ya magari kutoka Japani, vinafanya kazi kweli, lakini vina mtego. Ukifunga injekta kubwa kisha ukapunguza ishara ili petroli ipungue, kompyuta inaamini injini imebeba mzigo mdogo. Kwa mzigo mdogo, huwahisha moto wa plagi. Kwa hivyo mchanganyiko unasoma vizuri kwenye geji huku moto ukiwashwa mapema mno, na injini inagonga kwa sababu ambayo hakuna anayeitazama. Ukilikuta gari la namna hiyo, tafuta kwanza kijiboksi hicho kabla ya kugusa lolote. Kwa gari la kila siku naona kuandika upya kompyuta ya asili ni bora. Kwa injini iliyobadilishwa sana, kompyuta kamili mbadala kama Link au Haltech.

Kazi yenyewe

Kabla ya kipuri kufungwa, andika marekebisho ya muda mrefu ya gari lilivyo: likisimama, kwa mizunguko 2,500, na kwa mwendo wa kutulia. Bila namba hizo utakuwa huna cha kulinganisha. Pima mgandamizo wa silinda, na zisipishane zaidi ya asilimia 10. Pima presha ya petroli. Kwa gari nyingi ni baa 3 bomba la vakyumu likiwa limechomolewa. Weka plagi mpya. Puliza moshi kwenye manifoldi kutafuta mivujo.

Namba za skana zenyewe hukuonyesha upande wa kutafuta. Kwenye gari la sensa ya hewa, marekebisho yakiwa kujumlisha 20 likisimama lakini 3 tu kwa mizunguko 2,500, kuna mvujo wa hewa baada ya sensa. Yakiwa mazuri likisimama na yakapanda kadiri mzigo unavyopanda, tazama pampu, filta ya petroli, au sensa ya hewa iliyochafuka.

Kisha funga sensa pana ya oksijeni, kama Bosch LSU 4.9, pamoja na geji yake. Hii ndiyo inayoweza kusoma 11 ikaitofautisha na 12.5, na ningependa pesa ya kwanza ya kila mwenye mradi iende huku kabla ya ekzosi. Tundu lake ni M18 kwa 1.5. Kwenye injini isiyo na turbo likae takriban sentimita 60 kutoka kichwa cha silinda. Yenye turbo, baada ya turbo. Zote kabla ya katalisti. Ilale nyuzi 10 au zaidi juu ya mlalo, waya ukiwa juu, ili maji yasitulie ndani na kuipasua. Isiachwe ndani ya ekzosi bila umeme, masizi yataiua.

Ingiza upana wa bomba au mizani mpya ya sensa ya hewa, ukubwa wa injekta na muda mfu. Kipuri kimoja kwa wakati mmoja: ukifunga vitatu kwa siku moja hutajua kipi kimeleta nini. Anza na injini ikiwa imesimama na imepata joto, kisha mwendo wa kutulia kwa mizunguko 2,000, 2,500 na 3,000, urekebishe jedwali hadi skana ikae ndani ya 5. Ndipo mzigo wa kati.

Mguu chini kabisa ni wa mwisho, na ufanyike kwenye mashine ya rola, ambapo magurudumu huzunguka gari likiwa limesimama. Gia ya nne kwa mizunguko 6,000 ni mwendo unaovunja kikomo chochote cha barabara zetu na unaweza kumuua mtu asiyehusika na mradi wako. Rudisha moto wa plagi nyuma kwa nyuzi chache, anza na mchanganyiko mzito, 11.5 kwa injini isiyo na turbo, upunguze asilimia 2 au 3 kila mara hadi 12.8. Daima kutoka upande wa uzito, kamwe usianze mwepesi ukaongeza. Injini isiyo na turbo ikisoma zaidi ya 13.5, au ya turbo zaidi ya 12.0, toa mguu hapohapo. Petroli ikishakaa sawa, ndipo moto uwahishwe kidogo kidogo kwa kusikiliza kugonga.

Toa plagi uzitazame. Masizi makavu meusi ni uzito. Kaure nyeupe yenye vidoa vidogo vya kung'aa ni vipande vya alumini ya pistoni, na hapo kazi imesimama hadi sababu ijulikane. Chomoa kijiti cha oili pia: ikinuka petroli au ikiwa imepanda kupita alama, oili hiyo imwagwe.

Jaribio la mwisho ni la hapa kwetu. Adhuhuri, kiyoyozi na taa zimewashwa, gari lisimame dakika 20 likinguruma, lizimwe dakika 10, liwashwe tena. Likiwaka kwa shida au likitetereka, muda mfu au marekebisho ya joto la hewa bado hayajakaa.

Ukilipa, ondoka na faili ya ramani mpya na ya ile ya asili, kumbukumbu ya namba za mzunguko wa mwisho wa mguu chini, na karatasi ya vipimo vya injekta. Baada ya wiki mbili za matumizi ya kawaida soma tena marekebisho ya muda mrefu, na usome tena kaskazi ikikolea.